Ngano imeshuka duniani, mbona kiroba cha unga hakishuki?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tabata, Dar es Salaam. Anaandika:

"Shikamoo mwalimu. Nakaanga maandazi na chapati, huu ni mwaka wa kumi na moja. Vita ya Ukraine ilipoanza, wakala alituambia ngano imepanda duniani, na kiroba kikapanda wiki ileile. Tukavumilia. Baadaye nikasikia redioni kwamba ngano imeshuka. Nilipomuuliza wakala, alicheka tu. Mdogo wangu aliyeko chuoni anasema viwanda vya unga ni vichache na wenyewe wanakubaliana bei. Ni kweli? Na kama ni kweli, mtu kama mimi naumia wapi hasa, na nifanye nini?"

Marahaba, dada yangu. Mdogo wako amefunga mambo mawili kwenye kitita kimoja: uchache wa viwanda, na wenye viwanda kukubaliana. Nitayafungua moja moja, kwa sababu hata sheria haiyatazami kwa jicho moja. Ila nianze na wewe. Swali ulilomuuliza wakala lilikuwa swali la mtu anayejua biashara yake, na halikustahili kuchekwa.

Tupige hesabu. Mei 2022, miezi mitatu baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ngano ngumu ya Marekani, ambayo bei yake hutumika kama kipimo duniani, ilifika karibu dola 520 kwa tani. Dola ilikuwa kama shilingi 2,300, kwa hiyo kilo moja ya ngano, kabla ya nauli ya meli na ushuru, ilikuwa kwenye shilingi 1,200 hivi. Mwaka 2024 wastani wa ngano hiyohiyo ulikuwa karibu dola 270. Shilingi yetu ilikuwa imeshuka thamani, dola ikicheza kwenye 2,600, lakini hata hivyo kilo ilirudi kwenye shilingi 700. Tofauti ni shilingi 500 kwa kilo. Kinu nacho hakitoi kilo 100 za unga kutoka kilo 100 za ngano. Hutoa kati ya 75 na 80, zinazobaki ni pumba za wafugaji. Kiroba chako cha kilo 25 kimetokana na ngano kilo 32 hivi. Zidisha kwa 500, unapata shilingi 16,000.

Usiende kwa wakala kudai 16,000 zote. Vinu vyetu vinanunua ngano nchi mbalimbali, Urusi ikiwemo, na mikataba yao hufungwa miezi kadhaa kabla meli haijatia nanga. Kuna umeme, mifuko, mishahara, dizeli ya malori, riba ya benki. Hivyo havikushuka ngano iliposhuka. Lakini kama katika hizo 16,000 hata robo yake haijaonekana kwenye kiroba chako, una haki ya kuuliza imeishia wapi.

Kuna jambo wachumi wameliona kwenye bidhaa nyingi, petroli na vyakula vikiwemo, nchi nyingi tu: bei hupanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi. Ukiuliza kwa nini haishuki utaambiwa, "Bado tuna mzigo wa zamani tulionunua ghali." Sawa. Lakini siku bei ilipopanda, ghalani si kulikuwa na mzigo wa zamani ulionunuliwa rahisi? Mbona ule haukusubiriwa uishe? Gharama peke yake haielezi tofauti hii. Inaelezwa na swali la nani ana haja ya kukugombania wewe mteja.

Tazama biashara yako mwenyewe. Unga ulipopanda, najua ulichofanya, maana ndicho wanachofanya wote: ulipunguza donge. Andazi la shilingi 200 likabaki la 200, lakini likawa dogo. Uliweza kulipunguza kwa kiasi gani? Kidogo tu, kwa sababu kati yako na kituo cha daladala kuna wakaangaji wengine watatu au wanne, na mteja anayeona la kwako limekuwa kama golori anavuka barabara. Unga ukishuka, mmoja wenu atarudisha donge kubwa ili awavute wateja, na nyinyi wengine mtafuata mtake msitake. Hakuna ofisi ya serikali iliyowaamuru. Ndivyo ushindani unavyomlinda mlaji, na unamlinda vizuri sana mbele ya meza yako.

Sasa pandisha ngazi moja juu, kwa wanaokuuzia wewe. Tuseme soko la unga la mji lina vinu vitatu vikubwa. Mwenye kinu cha kwanza anajua akishusha bei leo, wenzake wataona kesho, na wiki ijayo nao watashusha. Hatapata wateja wapya. Atakuwa amepunguza faida ya wote watatu, yake ikiwemo. Basi kwa nini ashushe? Anatulia, na wenzake nao wanatulia. Hakuna aliyempigia mwenzake simu wala kikao cha usiku kilichofanyika. Kila mmoja anafanya akili yake peke yake, na matokeo yake kwako ni yaleyale ambayo yangetokea kama wangekaa mezani. Huko ni kuelewana bila kuambiana, na hapo ndipo sheria za ushindani, si za kwetu tu, za dunia nzima, hupata shida, kwa sababu hakuna makubaliano ya kushika.

Kwa hiyo jibu la sehemu ya kwanza: uchache unaweza kukuumiza bila njama yoyote. Na wewe umebanwa pande mbili, juu una wauzaji wachache wasiokugombania, chini una wenzako wengi mnaogombania mteja mmoja. Bei ikipanda juu, huwezi kuisukuma yote chini. Inabaki kwako.

Nenda Manzese au Tandale uone soko la namna nyingine. Mashine za kukoboa na kusaga mahindi ziko uchochoro kwa uchochoro, kila mmoja na kiroba chake chenye jina lake. Mahindi yakishuka kwenye soko la nafaka la Kibaigwa, sembe ya Manzese haikai muda mrefu juu, maana daima yuko msagaji mmoja mwenye deni la umeme anayetaka kuuza leo. Sembe na ngano ni unga na unga, zinauzwa duka moja, lakini bei zake zina tabia mbili.

Hapo mdogo wako ataruka na kusema: basi tuvunje vinu vikubwa! Asiharakishe. Zaidi ya asilimia 90 ya ngano tunayokula inatoka nje ya nchi. Ili uingie kwenye biashara hii kwa uzito unahitaji shehena ya meli, maghala marefu ya nafaka na benki ya kukubeba. Msagaji wa Manzese hawezi, na akijaribu kilo yake itakuwa ghali kuliko ya mkubwa. Ukubwa hapa una sababu zake. Una pia faida ambayo watu hawaisemi: tangu 2011 kanuni zetu zinataka unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula viongezewe virutubishi. Kwenye ngano na mafuta, ambako viwanda ni vichache na vikubwa, kazi hiyo imesogea. Kwenye sembe ya mashine elfu na moja imekuwa ngumu sana, na mama mjamzito wa Mbagala anayekula ugali kila siku ndiye anayekosa madini ya chuma. Naliandika hili kwa sababu naliamini: siwezi kumwambia mtu kwamba udogo ni mtakatifu.

Na wazee wetu hawajasahau wakati kinu kilikuwa kimoja. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 vinu vilitaifishwa, likazaliwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Bei ilipangwa na serikali, hakukuwa na mfanyabiashara wa kulaumiwa, na bado watu walipanga foleni, wakashukuru walipopata ule unga wa njano walioupa jina la unga wa Yanga. Ukiritimba unamkosesha mlaji pa kukimbilia, mwenye kinu awe tajiri au awe serikali.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kama soko fulani limehodhiwa, siishii kwenye kuhesabu viwanda. Nahesabu milango. Je, kesho mtu mwingine akitaka kuingia, au mzigo ukitaka kuja kutoka nje, mlango uko wazi? Kuhesabu kwenyewe kuna njia yake. Unachukua asilimia ya soko ya kila kampuni, unaizidisha kwa yenyewe, kisha unajumlisha. Soko la kampuni kumi zenye asilimia 10 kila moja linapata 1,000. Soko la kampuni tano zenye 40, 25, 20, 10 na 5 linapata 2,750, na kwa mwongozo wa Marekani wa 2023 kuhusu kampuni kuungana, chochote kinachozidi 1,800 ni soko lililobanwa sana. Kipimo kizuri, nakitumia. Lakini hesabu wenye mali, usihesabu majina yaliyoko kwenye mifuko; kinu kimoja kinaweza kufungasha majina matatu ukadhani una chaguo tatu. Na namba hiyo haikuambii kitu kuhusu milango.

Sukari ndiyo iliyotufundisha sote habari ya mlango. Sukari inayotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inatozwa ushuru wa forodha wa asilimia 100, kwa nia ya kuwalinda wakulima na viwanda vyetu. Pengo la uzalishaji lilikuwa likizibwa kwa vibali maalumu vya kuagiza, na waliopewa vibali hivyo ni viwanda vyenyewe vya sukari. Mwanzoni mwa 2024 mvua zilikuwa kubwa, miwa haikuvunika, viwanda vikasimama. Kilo ikavuka shilingi 4,000, na mahali pengine 5,000. Serikali ikatoa bei elekezi, lakini ulipokwenda dukani kwa Mangi na bei elekezi yako kichwani ulirudi na mfuko mtupu, kwa sababu bei ya kwenye karatasi haizalishi sukari. Sisemi kiwanda fulani kilificha. Nasema kwamba aliyekuwa akifaidika na uhaba ndiye aliyekuwa ameshika ufunguo wa mlango wa kuumaliza, na hilo ni kosa la mpangilio, hata angekuwa malaika. Juni 2024 Bunge lilibadilisha sheria, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ukapewa nao mamlaka ya kuagiza na kuhifadhi sukari. Mlango wa pili ukafunguliwa.

Soda ni kinyume chake, na ninaipenda hadithi yake. Kwa miaka mingi mwenye duka Dar alikuwa na njia mbili, Coca-Cola au Pepsi. Kilichomzuia wa tatu hakikuwa ladha, ilikuwa chupa ya kioo. Ukitaka kreti ya soda sharti uwe na kreti tupu. Na friji nalo ni la kampuni, limepakwa rangi zake. Mgeni angehitaji mamilioni ya chupa zinazozunguka mitaani kabla hajauza soda moja. Ilipozoeleka chupa ya plastiki, kizuizi hicho kikadondoka. Azam Cola ikaingia, Mo Cola ikaingia, na wakubwa wa zamani ikabidi wakune kichwa kwenye bei na ujazo. Haikuhitajika kesi. Teknolojia ya ufungashaji ilifungua mlango ambao hakuna waziri aliyekuwa ameufikiria.

Sasa kitita cha pili: njama. Hii nayo ipo duniani, na mfano ulio karibu nasi ni mkate. Mwaka 2006, Western Cape huko Afrika Kusini, msambazaji mdogo wa mikate aitwaye Imraahn Mukaddam aliona kampuni kubwa zinazompa mikate zinapandisha bei kwa wakati mmoja, na kwa wakati uleule zinapunguza punguzo wanalopewa wasambazaji kama yeye. Akapeleka malalamiko kwenye tume ya ushindani ya nchi yake. Wachunguzi walipofungua makabati walikuta kampuni zimekuwa zikipangiana. Moja, Premier Foods, ikakiri na kutoa ushirikiano, ikasamehewa faini. Tiger Brands ikalipa karibu randi milioni 99 mwaka 2007. Pioneer Foods ikabisha, ikashindwa, ikapigwa faini ya randi milioni 195 na ushei mwaka 2010. Baadaye katika makubaliano ya jumla ikakubali hata kushusha bei ya mkate na unga kwa muda. Kanada nako, kampuni za Loblaw na George Weston zilikiri mwaka 2017 kwamba zilishiriki mpango wa kupanga bei za mikate uliodumu karibu miaka 14. Hebu fikiria, mtoto aliyezaliwa mpango ulipoanza alifika sekondari akila mkate wa bei ya kupangwa.

Mkate unarudi tena na tena kwenye kesi hizi kwa sababu kila mtu anaula kila siku, hauna mbadala wa haraka asubuhi, na waokaji wakubwa ni wachache. Uchache ndio unaorahisisha njama. Wawili au watatu wanaweza kukubaliana na kuchungana. Ishirini ni vigumu, mara nyingi mmoja atawasaliti wenzake.

Lakini kuhusu unga wa Dar, mdogo wako aseme ana ushahidi gani. Bei kufanana peke yake haitoshi. Wote wananunua ngano ileile, bandari ileile, dola ileile, hivyo bei zitafanana hata wasipoonana. Ushahidi ni kitu kama kile cha Mukaddam: mabadiliko yanayokwenda pamoja ambayo gharama haziwezi kuyaeleza, hasa kwenye mambo kama punguzo, ambayo hayana uhusiano na ngano.

Umeniuliza unaumia wapi hasa. Bei tumeimaliza. Kuna pengine ambako huumia kimyakimya. Ujazo, kwa mfano: mkate uleule, mfuko uleule, gramu zimepungua, na maandishi ya uzito ni madogo kuliko jina. Kuna pia hatari ya kutegemea kiwanda kimoja. Februari 2022 kampuni ya Abbott ilifunga kiwanda chake cha maziwa ya watoto wachanga huko Sturgis, Michigan, baada ya mashaka ya usalama, na Marekani nzima, nchi tajiri vile, wazazi wakazunguka madukani bila kupata maziwa, kwa sababu kampuni chache mno ndizo zilikuwa zimeshika soko lote.

Na kuna masharti. Hili nalijua kwa kuliona. Marehemu mama alikuwa na duka Magomeni. Kuna kipindi unga ulikuwa adimu, na wakala aliyekuwa akituletea, simtaji, akaja na utaratibu mpya: ukitaka viroba kumi vya unga, chukua na katoni mbili za hamira na moja ya sabuni ambayo hakuna aliyekuwa akiinunua. Mama alichukua. Angefanyaje? Sabuni ile ilikaa kwenye rafu mpaka karatasi zikafifia rangi, na nakumbuka sauti yake akiihesabu kila mwisho wa mwezi kama deni. Kwenye vitabu vya bei unga wa wakala yule haukupanda hata senti. Ukweli ni kwamba mama alikuwa akiulipia ghali, sehemu ya bei ikiwa imefichwa ndani ya sabuni. Mimi nilisoma uchumi miaka mingi baadaye, lakini jambo hili nilikuwa nimeshalijua nikiwa darasa la tano.

Sheria inasemaje? Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, wengi wanaiita FCC. Kuwa mkubwa si kosa. Sheria ilipotungwa iliweka mstari wa asilimia 35 ya soko. Juu ya hapo, ukiwa na uwezo wa kubana ushindani peke yako, unahesabiwa kuwa umeshika soko, na kosa ni kuutumia vibaya ukubwa huo. Kukubaliana bei ni kosa hata kama nyote ni wadogo, na faini inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka. Muungano wa kampuni kubwa lazima upelekwe kwenye Tume kwanza, na uamuzi wa Tume unakatiwa rufaa kwenye Baraza la Ushindani. Mwaka 2022 Baraza hilo lilitengua kibali ambacho Tume ilikuwa imetoa kwa kampuni inayomiliki saruji ya Twiga kununua saruji ya Tanga, na miongoni mwa waliokata rufaa kulikuwa na chama cha kutetea walaji. Najua saruji hailiwi, lakini kumbuka ni nani aliyeingia mle ndani.

Kwa upande wako, fanya mambo matatu. Nunua daftari. Kila kiroba: tarehe, jina la kiroba, jina la kinu lililoandikwa chini kwa maandishi madogo, bei, punguzo kama lipo, na sharti lolote ulilopewa. Omba risiti kila mara. Pili, zungumza na wenzako wanne au watano hapo mtaani mnunue pamoja kwa wakala wa pili, hata kama ni wa Buguruni na itabidi mlipe guta. Wakala anayejua mnaweza kuondoka watano kwa mpigo hatacheka tena. Tatu, ukiona kwenye daftari kwamba mawakala wa vinu tofauti wamebadilisha punguzo au masharti wiki moja, au umelazimishwa kuchukua bidhaa usiyoitaka, peleka nakala FCC. Uzito ukikutia shaka, hiyo ni kazi ya Wakala wa Vipimo.

Daftari la miezi sita la mkaanga maandazi mmoja wa Tabata lina thamani kubwa kwa mchunguzi kuliko hotuba yangu yoyote, na likiwa matano ya watu watano ni kesi inayoweza kusomwa. Anza na kiroba cha kesho asubuhi. Kabla hujakifungua, kipime.